Kinachokosekana kwenye picha za wauza vyakula wa Lamu ni tarehe

Tangu simu zipate kitufe cha kugeuza picha kuwa nyeusi na nyeupe kwa mguso mmoja, wauza vyakula wa Lamu wamepoteza rangi. Muuza mishikaki wa Mkunguni, mama wa viazi karai kando ya Usita wa Mui, mzee wa kahawa na dele lake, wote wanasambaa mitandaoni wakiwa kijivu, moshi umewazunguka, uso umejaa mikunjo, na maelezo hayataji kitu zaidi ya jina la mji. Wenyeji wanaoziona wamegawanyika. Wako wanaosema picha hizo zina heshima isiyopatikana kwenye picha za rangi. Wako wanaosema zinatuvisha ukale tusiokuwa nao na kukifanya chakula chetu kifanane na jivu. Wote wanabishania rangi, na hapo ndipo wanapokosea pamoja. Rangi ikiondolewa kwa sababu inayoeleweka, picha ya mtu aliye kazini haipungukiwi, na mara nyingi hunufaika. Kinachopotea ni wakati. Mpigapicha aliyeondoa rangi ameondoa pia dalili kubwa ya mwaka, na anadaiwa airudishe kwa vitu anavyoviacha ndani ya fremu na kwa maandishi anayoyaweka chini ya picha.

Pwani hii haijaanza jana kupigwa picha. Mwishoni mwa karne ya 19 studio za Wagoa (watu wa Goa, India) huko Unguja, kama ya A. C. Gomes na ile ya akina Coutinho, ziliuza picha za watu wa pwani, na baadaye picha za aina hiyo zikageuzwa kadi za posta. Maelezo ya kadi hizo kwa kawaida yalitaja kazi au kabila, si mtu. Ulaya nako ilikuwa na mtindo wake wa kupiga wachuuzi. Mwaka 1877 mpigapicha John Thomson alitoa picha za watu wa mitaani London, wakiwemo muuza barafu tamu na muuza chaza, na kila picha iliambatana na maelezo marefu yaliyoandikwa na mwandishi wa habari Adolphe Smith pamoja naye. Mpigapicha Mmarekani Irving Penn, mwaka 1950 na 1951, aliwaita wafanyakazi wa Paris, London na New York studioni, akawasimamisha mbele ya pazia tupu na vyombo vyao mkononi. Za Penn ni nzuri kuliko za Thomson, sina ubishi. Lakini ukitaka kujua muuza barafu aliuza nini na aliishi vipi, utarudi kwa Thomson, kwa sababu ya yale maandishi. Na hapa Lamu, mpigapicha Omar Said Bakor na studio yake walipiga picha watu waliokuja wenyewe, wamevaa walichotaka kuonekana nacho. Zama zile nyeusi na nyeupe haikuwa uamuzi wa mtu, ndiyo filamu iliyokuwa ikipatikana. Leo ni uamuzi, na uamuzi huulizwa sababu.

Sababu ya kwanza ni ya kiufundi na wanaobishana hawaigusi. Mji wa Lamu uko upande wa mashariki wa kisiwa na ufuo wake unakitazama kisiwa cha Manda. Jua likishapita utosi, majumba ya mawe hulizuia, na kuanzia alasiri ufuoni kunabaki kivuli kilicholainishwa na mwanga wa mbingu na bahari. Ndiyo saa karai zinapowekwa motoni. Ikifika magharibi anga lina buluu nzito, makaa yana wekundu, na juu ya meza inaning'inia balbu ya LED yenye weupe unaoelekea kijani. Kwenye picha ya rangi hizo ni taa tatu zinazogombana usoni mwa mtu mmoja: shavu moja la chungwa, jingine la kijani, mikono ya zambarau. Ukirekebisha moja, nyingine inaharibika. Kwenye nyeusi na nyeupe ugomvi huo haupo, unabaki mwanga mwingi na mwanga mchache, na jicho linakwenda kunakotendeka jambo. Kwa kazi ya usiku hii ni sababu tosha.

Balbu hizo, hata hivyo, zina lao. Umeme wetu ni wa hezi 50, na balbu za bei nafuu huzimika na kuwaka mara 100 kwa sekunde bila jicho kuona. Ukipiga kwa shata ya 1/500 (sehemu ya sekunde ambayo kamera inapokea mwanga), hasa ya kielektroniki, picha inatoka na mistari ya giza iliyokatiza fremu nzima. Baki kwenye 1/50 au 1/100. Kwa balbu moja iliyo umbali wa mita moja hivi kutoka mikononi mwa muuzaji, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) ya 1600, kipenyo cha lenzi cha f/2 na shata ya 1/100 ni pa kuanzia. Mistari hiyo haiondoki kwa kugeuza picha kuwa nyeusi na nyeupe. Inazidi kuonekana.

Wanaolalamika kuhusu chakula wana haki zaidi. Kachumbari ni mfano mzuri kuliko yote. Nyanya nyekundu na pilipili hoho ya kijani zikiondolewa rangi huangukia kwenye kijivu kilekile, na sahani nzima inakuwa tope. Ukwaju na pilipili ya mishikaki vinakuwa doa jeusi. Rojo la viazi karai, ambalo manjano ndiyo sura yake, linageuka kijivu hafifu kisichotofautiana na sinia la alumini lililo chini yake. Vinavyosalimika ni vile vyenye umbo na mng'aro: kaimati zilizokwisha kuchovywa kwenye shira, mahamri yaliyofura, mkate wa mofa uliobanduliwa tanurini. Dawa ipo, ila inataka ufikirie kabla. Kwenye faili ghafi (RAW, picha ambayo kamera haijaichakata), usiipunguze rangi yote mpaka sifuri kama kitufe cha simu kinavyofanya. Geuza kwa chaneli, yaani kila rangi peke yake, ukipandisha nyekundu na kushusha kijani, na nyanya itatengana na hoho. Kwenye filamu, au kwenye kamera zisizorekodi rangi kabisa kama Leica Monochrom ya mwaka 2012 na Pentax K-3 Mark III Monochrome ya 2023, kazi hiyo hufanywa na filta mbele ya lenzi. Filta ya manjano inakula hatua moja ya mwanga (kila hatua hupunguza mwanga kwa nusu), ya chungwa mbili, nyekundu tatu. Saa kumi na nusu jioni unaweza kuimudu ya chungwa. Baada ya magharibi huwezi, na ile nyekundu mbele ya makaa haisaidii kitu kwa kuwa mwanga wenyewe tayari ni mwekundu. Kwa hiyo mtu akitaka kuonyesha chakula, apige rangi. Nyeusi na nyeupe ifuate mikono.

Nije kwenye hoja ya heshima, ambayo kwangu ndiyo dhaifu kuliko zote. Tunaambiwa kijivu kinampa muuzaji hadhi na kuonyesha miaka aliyoifanyia kazi usoni mwake. Hebu tazama mikunjo hiyo inatoka wapi. Ngozi yetu ya kahawia ina wekundu na uchungwa mwingi. Mitindo mingi ya kugeuza picha inayouzwa au kugawiwa bure hushusha chaneli hizo mbili kisha huongeza ukali wa vitu vidogovidogo, ili uso uwe na "nguvu". Ukishusha nyekundu, kila doa, kovu na jasho hujitokeza. Ukiongeza ukali, kistari cha pembeni mwa jicho kinakuwa mfereji. Mama wa miaka thelathini na tano anatoka ana sitini. Pandisha chaneli ya nyekundu kidogo kwenye faili hilohilo, uso unarudi laini na mng'avu jinsi wateja wake wanavyomjua. Miaka ile ilikuwa ya programu, wala hakuna kazi aliyoifanya iliyoionyesha. Kama huko ndiko kumpa mtu hadhi, basi muulizeni mwenyewe kama anaitaka.

Kosa jingine la uso ni la kipimo cha mwanga. Kamera hudhani kila kilicho mbele yake ni kijivu cha kati. Muuzaji aliyevaa buibui akijaza fremu, kamera inaongeza mwanga mpaka buibui linakuwa kijivu na mikono inaungua, yaani inakuwa nyeupe tupu. Akiwa na kanzu nyeupe na kofia, inapunguza, na uso unazama gizani ukabaki meno na macho. Nusu ya picha "za kisanii" za pwani zimezaliwa na kosa hili la pili. Pima kwenye ngozi yenyewe, upande ulioangaziwa, kisha punguza hatua moja, au moja na nusu kwa ngozi nyeusi zaidi. Kanzu ikielekea kuungua, kwa dijitali rudi nyuma theluthi mbili za hatua na uuinue uso baadaye kutoka kwenye faili ghafi. Wenye zile kamera zisizo na rangi wawe waangalifu maradufu, kwani weupe uliopotea hauna chaneli nyingine ya kuuokoa. Kwa filamu mambo ni kinyume: kipe kivuli mwanga wa kutosha kwanza, weupe utaushika kwenye kusafisha filamu kwa dawa.

Sasa mikono. Kazi ya viazi karai ina mpangilio wake: kuchemsha, kumenya, kukoroga rojo, kuchovya, kutia mafutani, kugeuza, kuopoa, kuchuja. Picha nyingi zinarudia kuopoa tu, kwa sababu ndipo mteja anaposimama na ndipo pana moshi. Hatua yenye maana zaidi ni ya kutia. Kiazi hakitupwi. Vidole vitatu vinakishusha ukingoni mwa karai mpaka karibu vinagusa mafuta, vinakiachia kiteleze, halafu vinarudi juu kwa mkunjo wa kifundo huku rojo limebaki linaning'inia kama uzi. Anayetupa kutoka juu anarukiwa na mafuta, na rojo linatawanyika likawa makombo yanayoungua na kuyachafua mafuta kwa awamu zinazofuata. Kwa shata ya 1/250 uzi huo unasimama hewani. Kwa 1/30 mkono unakuwa ukungu na karai linatulia. Zote mbili ni sahihi, ila zinasema mambo tofauti, na jioni balbu zikishawaka utalazimika kuchagua ya pili.

Kamera iwe kimo cha ukingo wa karai. Muuzaji amekaa kwenye kigoda au amesimama nyuma ya meza fupi, na ukimpiga ukiwa wima unaona anachokiona mteja mwenye haraka, yaani utosi wa mtu na sinia. Lenzi ya milimita 35 kwa umbali wa mita moja na nusu inatosha kushika mikono, uso na kilicho nyuma. Usisimame upande wa wateja. Omba nafasi upande wa muuzaji, nyuma kidogo ya bega, ambako huzuii biashara. Tazama upepo: wakati wa kusi moshi unalala kando ya ufuo kuelekea kaskazini, wakati wa kaskazi unatoka baharini kuingia mjini, na ukisimama unakoelekea unarudi nyumbani na ukungu wa mafuta kwenye lenzi. Filta ya kioo kitupu mbele ya lenzi si anasa hapa. Moshi wenyewe huonekana ukiangaziwa kutoka nyuma, na nyuma yake pawe na giza, kwa mfano mlango ulio wazi. Mwanga ukitoka begani mwako, moshi haupo.

Turudi kwenye hoja nzito zaidi, ya ukale. Mji Mkongwe wa Lamu umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, na kuna soko la picha zinazouonyesha kana kwamba saa ilisimama. Nyeusi na nyeupe inalifaa soko hilo mno. Mpigapicha anasubiri pikipiki ipite, anasogeza dumu la plastiki la manjano, anakata fremu ili bango la Lipa na M-Pesa lisionekane, kisha anaondoa rangi. Hapo mlalamikaji yuko sahihi, na nadhani hata hajalalamika vya kutosha. Lakini kilichodanganya ni kule kusogeza dumu. Dumu likibaki, balbu ya LED ikibaki, simu iliyoegemezwa kwenye kopo la chumvi ikibaki, hakuna atakayeidhania picha hiyo ni ya enzi za ukoloni, iwe kijivu namna gani. M-Pesa ilianza 2007, kwa hiyo bango moja tu linaitia picha ndani ya mabano ya miaka. Hata maneno ya kwenye leso yanasomeka vizuri kwenye nyeusi na nyeupe, pengine vizuri zaidi, maana maua hayagombani nayo. Vitu vinavyoonekana uchafu kwa mtafuta urembo ndivyo ushahidi wa mwanahistoria wa miaka hamsini ijayo.

Na wale wanaosema rangi ndiyo ukweli, waangalie simu zao. Simu huongeza uchungwa wa vyakula na buluu ya anga bila kuulizwa. Picha ya rangi ya mishikaki iliyopigwa na simu mbili tofauti ni mishikaki ya namna mbili. Hakuna kati ya njia hizi iliyo dirisha tupu, na bora mtu ajue ameacha nini kuliko kudhani hajaacha kitu.

Wanaofuata njia ya filamu huku pwani wana shida za peke yao, na nitazipitia upesi. Filamu ya Ilford HP5 Plus ndani ya dawa ya ID-11 iliyochanganywa na maji kwa kiasi sawa husafishwa dakika 13 kwa nyuzi 20. Maji ya bomba mchana hapa hukaribia nyuzi 30. Ukishusha kwa barafu mpaka 24, muda ni kama dakika tisa. Ukilazimisha maji yalivyo, muda unakuwa mfupi hata dawa haienei sawasawa na anga linatoka na mawimbi. Maji ya kuoshea nayo yasipishane na dawa kwa nyuzi nyingi, tando la filamu hukunjamana. Filamu iliyotoka kwenye friji iachwe ndani ya kopo lake saa moja au mbili kabla ya kufunguliwa, na lenzi zikae na vifuko vya silika vya kunyonya unyevu, la sivyo kuvu itazila kabla chumvi haijazifikia.

Ruhusa ni jambo ambalo nyeusi na nyeupe imelifunika, kana kwamba picha ya sanaa haina mwenyewe. Chini ya Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019, sura ya mtu anayetambulika ni data yake. Sheria hiyo ina nafasi ya uandishi wa habari na sanaa, lakini hoteli inayochukua picha ya muuza kahawa kupamba tangazo lake haiwezi kujificha humo. Septemba 2023 ukumbi mmoja wa burudani Nairobi ulitozwa KSh 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila ridhaa yake, na shule moja KSh 4,550,000 kwa picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Hilo la pili lituhusu, kwa kuwa vibanda vingi vina mtoto anayesaidia kukata vitunguu. Tena Lamu kuna wanawake wanaouza kutoka barazani mwa nyumba zao na hawataki uso wao uonekane. "Mama, naomba kupiga mikono tu, uso sitauchukua," ni ombi linalokubaliwa mara nyingi, na mikono ndiyo tuliyoifuata tangu mwanzo. Namba ya till ya kulipia kwa M-Pesa isomeke au ifichwe, amue yeye. Wengine wataka isomeke.

Yote haya yakikubaliwa, mpango wa kazi unabadilika. Picha moja ya uso na moshi haitoshi. Panahitajika mfululizo unaoanza na gunia la makaa kushushwa mgongoni mwa punda na kumalizika na sufuria kusuguliwa na viazi visivyouzwa kufungwa vipelekwe nyumbani. Maelezo ya kila picha yawe na tarehe kamili, saa, mahali, hatua ya kazi, bei ya siku hiyo, na jina kama mwenyewe ameridhia litajwe. Faili ghafi la rangi lihifadhiwe bila kuguswa, na nakala ya nyeusi na nyeupe iandikwe kuwa imegeuzwa. Siku hizi hili lina uzito zaidi, maana mashine za kubuni picha zinapenda mno kijivu chenye chembechembe: makosa yao ya rangi hufichika humo, na faili ghafi lenye tarehe ndiyo njia nyepesi ya mtu kuonyesha alikuwepo. Na muuzaji apewe nakala ya rangi. Yeye ana viazi vya kuuza kwenye WhatsApp kesho, na mteja wake anataka kuona manjano.